Madoa Meusi Usoni: Namna ya Kuyatambua na Kuyatibu Bila Kuiharibu Ngozi

Mtu anapoona madoa meusi yakitanda mashavuni au kwenye paji la uso, swali la kwanza linalomjia huwa ni moja: nipake nini? Swali hilo ni la haki, ila limewahi mno. Madoa yanayofanana kwa mbali huweza kuwa yametokana na mambo tofauti kabisa, na krimu iliyomsaidia mtu mmoja kufifisha alama za chunusi inaweza kuiunguza ngozi ya mwingine mwenye melasma (mabaka bapa ya weusi yanayokaa pande zote mbili za uso) na kumwongezea weusi juu ya weusi. Mpangilio unaofaa ni kulitambua doa, kuondoa kinacholichochea, kuikinga ngozi na mwanga, na ndipo kupaka dawa. Anayeanzia kwenye dawa na kuziruka hatua tatu za mwanzo kwa kawaida hupoteza fedha zake, na wakati mwingine hujiletea doa gumu kuliko lile alilokuwa nalo.

Weusi huo unatoka wapi

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli ziitwazo melanosaiti, ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya seli hizi hukaribiana kwa watu weusi na weupe; kinachotofautiana ni wingi wa melanini, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba, na namna vinavyosambazwa katika seli za jirani. Melanini hupangwa juu ya kiini cha seli ili kukikinga na miale ya jua inayoweza kuharibu vinasaba, na kwa hiyo doa jeusi si uchafu wala ngozi iliyokufa inayoweza kusuguliwa ikatoka, bali ni kinga ya mwili iliyopita kiasi mahali fulani.

Melanosaiti huchochewa na mambo matatu makubwa: mwanga, homoni, na uvimbe au muwasho wa ngozi. Zikishachochewa, kimeng'enya kiitwacho tirosinesi huanzisha mfululizo wa hatua zinazozalisha rangi. Dawa nyingi za madoa hukizuia kimeng'enya hicho, nyingine huharakisha ngozi kujivua seli zenye rangi, na nyingine hutuliza uvimbe. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini matumaini ya kupona kwa wiki moja hayana msingi. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha katika muda wa wiki nne hadi sita hivi, na hata uzalishaji wa rangi ukizuiwa leo, ile iliyokwisha kutengenezwa sharti ingoje seli zilizoibeba zipande juu na kupukutika. Rangi iliyodondokea kwenye tabaka la ndani haina njia hiyo ya kutokea. Huondolewa polepole na seli za kinga, na hilo huweza kuchukua miaka.

Kulitazama doa kabla ya kulipa jina

Osha uso, ukaushe kwa kuugusagusa na kitambaa laini, kisha usimame na kioo ukilikabili dirisha wakati wa mchana, bila vipodozi vyovyote. Taa ya umeme ya bafuni hudanganya. Angalia mambo haya kwa utulivu: doa liko upande mmoja au pande zote mbili za uso, kingo zake ziko wazi au zinafifia, rangi yake ni ya hudhurungi au inaelekea kijivu na bluu, na ukipitisha kidole juu yake, ngozi ni laini kama ya jirani yake au imenyanyuka. Rangi ya hudhurungi huashiria melanini iliyo juu, ambayo hutibika kwa urahisi zaidi, ilhali ya kijivu au bluu huashiria iliyozama ndani.

Melasma hujitokeza kama mabaka bapa, yenye kingo za mapindi mapindi, na karibu kila mara hukaa pande zote mbili kwa kulingana: mashavuni, kwenye paji la uso, juu ya mdomo wa juu, kwenye pua, kidevuni, au kando ya taya. Haiwashi wala haiumi. Huwapata wanawake zaidi sana kuliko wanaume, na mara nyingi huanza wakati wa ujauzito au baada ya kuanza njia za uzazi wa mpango zenye homoni, ingawa wapo wengi walioirithi katika ukoo bila sababu nyingine inayoonekana.

Alama zinazoachwa na uvimbe ni jambo jingine. Kila doa hukaa pale pale palipokuwa na chunusi, jeraha, upele au muunguzo, na ukubwa wake hufanana na wa kidonda kilichotangulia. Wanaume wanaopata vipele vya kunyoa huziona kidevuni na shingoni. Ngozi nyeusi huzipata kwa urahisi zaidi, na hukaa nazo kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa chunusi mpya bado zinatoka, basi madoa hayo ni moshi tu na moto bado unawaka. Tibu chunusi kwanza.

Madoa ya jua ya umri mkubwa huwa madogo, ya mviringo, yenye kingo zilizo wazi. Vinundu vidogo vyeusi vilivyonyanyuka mashavuni na kuzunguka macho, ambavyo huonekana sana kwa watu weusi na huongezeka kadiri umri unavyosonga, si madoa hata kidogo. Ni viotea visivyo na madhara, na hakuna krimu inayoviondoa, hata ile inayouzwa ghali kwa ahadi hiyo.

Yapo pia madoa yanayotoa habari za mwili mzima. Ngozi ikiwa nyeusi, nene na yenye mguso wa mahameli shingoni, kwapani, au kwenye panja na paji la uso, mara nyingi huenda pamoja na mwili kutoitikia insulini ipasavyo, na kipimo cha sukari kwenye damu kina manufaa kuliko krimu yoyote. Weusi unaoenea mwili mzima, ukaingia kwenye fizi na kwenye mikunjo ya viganja, pamoja na uchovu, kupungua uzito na shinikizo la damu la chini, huweza kuwa dalili ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kushindwa kazi. Baadhi ya dawa za kumeza nazo hubadili rangi ya ngozi, zikiwemo klorokwini, minosaiklini na amiodaroni. Mpe daktari orodha kamili ya unachotumia, lakini usiache dawa uliyoandikiwa kwa kubahatisha.

Doa moja lililo peke yake, linalokua, lenye rangi zaidi ya moja, kingo zisizolingana, linalotoa damu au kuwa kidonda kisichopona, halipakwi chochote. Linapelekwa kwa daktari wa ngozi haraka iwezekanavyo.

Kuondoa kinachochochea

Hatua hii haina gharama, na pengine ndiyo sababu hudharauliwa. Acha kubinya na kutumbua chunusi. Acha sabuni kali, vitambaa vya kusugulia na skrabu zenye chembechembe, kwa sababu kila msuguo ni muwasho, na kila muwasho ni amri mpya kwa melanosaiti. Acha pia ndimu na limau: asidi yake huunguza, na maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge yanayoacha madoa meusi zaidi. Magadi na dawa ya meno ni vya mahali pengine, si vya usoni. Kipodozi chochote kinachochoma kinapopakwa kiondolewe, na dhana kwamba dawa inayochoma ndiyo inayofanya kazi iachwe kabisa, hasa na mwenye ngozi nyeusi.

Kuhusu homoni, mwanamke ambaye melasma yake ilianza baada ya vidonge, sindano au kipandikizi cha uzazi wa mpango azungumze na mhudumu wake juu ya njia isiyo na homoni, kama vile kitanzi cha shaba. Asiache ghafla bila njia mbadala. Melasma ya ujauzito huweza kufifia yenyewe katika miezi inayofuata baada ya kujifungua, na hakuna ubaya kuisubiri huku uso ukikingwa na jua.

Kinga ya mwanga ndiyo nusu ya tiba

Wengi hudhani kwamba mwenye ngozi nyeusi hahitaji krimu ya kukinga jua. Ni kweli kwamba melanini humkinga kwa kiasi fulani asiungue, lakini haizuii madoa, kwani hapa tatizo lenyewe ni melanosaiti zinazoitikia mwanga kupita kiasi. Dakika chache za jua kali kila siku zinatosha kuirudisha nyuma kazi ya krimu iliyopakwa usiku kucha.

Chagua krimu yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) 30 au zaidi, na inayoeleza kwamba inazuia miale ya UVA pamoja na ya UVB, aina mbili za miale ya jua isiyoonekana kwa macho (UV). Ikitumika kwa kiasi sahihi, SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB. Kasoro ya watu wengi ni kiasi wanachopaka. Kipimo rahisi ni kuikamua krimu katika mistari miwili kuanzia kwenye shina la kidole cha shahada na cha kati hadi kwenye ncha zake. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Utakapokiona mara ya kwanza utadhani ni kingi mno. Gawa mara mbili, upake nusu, usubiri inywewe, kisha umalizie nusu nyingine, bila kusahau masikio na sehemu ya juu ya mdomo ambako melasma hupenda kukaa. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho.

Lipo jambo jingine ambalo krimu za kawaida hazilitatui. Mwanga unaoonekana kwa macho, hasa sehemu yake ya bluu, huongeza weusi kwenye ngozi nyeusi hata bila miale ya UV, na krimu nyingi zisizo na rangi huupitisha. Kinachouzuia vizuri ni oksidi za chuma, ile rangi ya hudhurungi inayotiwa kwenye krimu za kukinga jua zenye rangi ya ngozi. Kwa mwenye melasma, krimu ya aina hiyo ni bora kuliko ile nyeupe, na inamwondolea pia ule ukungu wa kijivu unaowafanya weusi wengi waichukie kinga ya jua. Kioo cha dirisha la gari au la ofisi huzuia sehemu kubwa ya UVB lakini hupitisha UVA nyingi pamoja na mwanga wa kuonekana, kwa hiyo anayekaa dirishani mchana kutwa apake kama aliye nje. Mwanga wa simu na kompyuta ni hafifu mno ukilinganishwa na wa jua. Sioni sababu ya kununua krimu maalumu kwa ajili yake. Kofia yenye ukingo mpana na mwavuli ni nadra sana kuleta mzio, na vinafanya kazi hata siku krimu imekwisha.

Dawa zenyewe

Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ndiyo ningeipendekeza kwa wengi wanaoanza. Huzuia tirosinesi, hutuliza chunusi, hailengi rangi ya kawaida ya ngozi, na inachukuliwa kuwa salama kwa mjamzito. Hupakwa asubuhi na usiku. Huweza kuwasha kidogo katika wiki za mwanzo, na mwasho huo ukizidi, punguza hadi mara moja kwa siku au siku moja ndiyo, moja hapana.

Retinoidi za kupaka, kama vile tretinoini na adapaleni, huharakisha ngozi kujibadilisha na hufaa sana kwa alama za chunusi. Kiasi kidogo, sawa na punje ya njegere, kinatosha uso mzima, usiku tu, juu ya ngozi iliyokauka vizuri. Anza usiku mbili au tatu kwa wiki. Ngozi ikipasuka na kuwa nyekundu, pumzika, kwa sababu uvimbe utaleta madoa mapya. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asizitumie.

Haidrokwinoni ni dawa yenye nguvu na yenye sifa mbaya, na sifa zote mbili ni za kweli. Kwa kiwango cha asilimia 4, chini ya uangalizi wa daktari, ikipakwa usiku juu ya doa peke yake kwa miezi mitatu hadi sita kisha ikapumzishwa, ni miongoni mwa tiba zinazotegemewa zaidi za melasma. Ikipakwa uso mzima kwa miaka, pengine kwa kiwango kisichojulikana, huweza kuleta okronosisi: weusi wa bluu na kijivu unaoanza kama vitone vidogo vigumu kwenye mifupa ya mashavu, ambao hakuna tiba ya uhakika ya kuuondoa. Hali hiyo ilielezwa na madaktari nchini Afrika Kusini mwaka 1975. Mtego wake ni kwamba mtumiaji anapoona weusi unaongezeka huongeza dawa, na dawa ndiyo inayouleta. Kwa hiyo mtu aliyetumia haidrokwinoni kwa muda mrefu na kuona doa lake linazidi, aiache kwanza, kisha aende kwa daktari.

Mwaka huo huo wa 1975, watafiti Kligman na Willis walichapisha mchanganyiko wa dawa tatu uliokuwa na haidrokwinoni, tretinoini na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Mchanganyiko unaotumika zaidi siku hizi una haidrokwinoni asilimia 4, tretinoini asilimia 0.05 na steroidi iitwayo fluosinoloni asilimia 0.01. Steroidi imewekwa humo ili kuzuia muwasho wa hizo nyingine, kwa wiki chache zinazohesabiwa na daktari. Haikuwekwa ili iwe mafuta ya kila siku.

Niasinamidi, vitamini C na asidi ya kojiki ni wasaidizi wazuri, hasa kwa alama nyepesi na kwa kipindi cha mapumziko baada ya haidrokwinoni. Usiwadai kazi ya dawa kubwa. Asidi ya traneksamiki ya kumeza, mara nyingi miligramu 250 mara mbili kwa siku, husaidia melasma sugu, lakini huweza kuongeza hatari ya damu kuganda, na haifai kwa aliyewahi kupata damu iliyoganda mishipani au kiharusi. Anayetumia vidonge vya homoni au anayevuta sigara aseme wazi kabla ya kuandikiwa. Kuchubua ngozi kwa asidi kliniki na matibabu ya leza huja mwisho, kwa mikono ya mtaalamu aliyezoea ngozi nyeusi, kwa kuwa joto na uvimbe wake huweza kulirudisha doa likiwa jeusi zaidi.

Namna ya kuanza ni hii. Paka dawa mpya kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku tatu, uone kama ngozi inakasirika. Ingiza dawa moja kwa wakati mmoja, ukae nayo wiki kadhaa kabla ya kuongeza nyingine, ili ikitokea shida umjue mkosaji. Asubuhi: osha, paka asidi ya azelaiki au niasinamidi, kisha losheni laini, kisha kinga ya jua. Usiku: osha, paka dawa, halafu losheni. Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lile lile na saa ile ile, maana kioo cha kila siku hakimwonyeshi mtu mabadiliko ya polepole.

Mkorogo na krimu zisizo na maelezo

Krimu inayong'arisha uso mzima kwa siku chache ina sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi ni zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na haiishii kwa mtumiaji: watoto wa nyumbani huipata kwa kukumbatiwa na kwa mashuka na taulo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini bado vinauzwa. Katika maandishi ya kopo tafuta majina kama calomel, mercurio na mercuric iodide, au onyo la kutoigusisha krimu na dhahabu na vito. Kopo lisilo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho, au mchanganyiko uliokorogwa na muuzaji mwenyewe, halistahili kugusa uso.

Steroidi kali huifanya ngozi ya uso iwe nyembamba, mishipa midogo ionekane, chunusi zifumuke na vinyweleo viote. Aliyeitumia kwa miezi mingi akiacha ghafla, uso huweza kuvimba, kuwaka na kuwasha vibaya, hata akarudi kuipaka ili apate nafuu. Huyo anahitaji daktari wa kumshusha taratibu. Kwa krimu yenye zebaki mambo ni kinyume: iachwe siku hiyo hiyo, kopo lifungwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na daktari aombwe kupima mkojo na figo.

Baada ya doa kufifia

Alama za chunusi zilizo juu huweza kuchukua miezi sita hadi kumi na miwili kufifia kabisa, na zikishatoka hazirudi isipokuwa chunusi zirudi. Melasma ina tabia tofauti. Hutulia, kisha huamka kwa msimu wa jua kali, ujauzito mwingine au homoni mpya, na kwa sababu hiyo mwenye nayo huendelea na kinga ya jua yenye rangi hata uso ukiwa safi, akibakiza asidi ya azelaiki au retinoidi mara chache kwa wiki. Ikiwa miezi mitatu ya matumizi sahihi imepita na picha hazionyeshi tofauti, usiongeze kiwango cha dawa kwa hiari yako. Rudi kwa daktari ukiwa na picha zako na makopo yote unayotumia, ili alitazame doa upya na ikibidi akate kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi wa maabara.